Breki Baridi Kitonga

Usiku wa jana niliota nateremka mlima Kitonga na gari dogo la binti yangu Atupele, lile ambalo ukipunguza gia linajipigia resi lenyewe. Nimeendesha malori miaka thelathini na moja, Tunduma mpaka Kitwe, lakini Atupele hanipi ufunguo. Anasema nimezeeka.

Katika ndoto amekaa juu ya boneti, anamenya viazi.

"Baba, gia zikushushe, si breki. Ukifika chini breki zikiwa baridi, ufunguo ni wako. Zikinuka, utapanda basi maisha yako yote."

"Sawa, mama."

Barabara inageuka ukumbi mrefu wa nyumba, mteremko uleule. Gia wamekaa kwenye viti, kila mmoja na chai yake. Tano ndiye mdogo. Namba ikipungua, uzee na uziwi vinazidi. Moja yuko mlangoni kabisa, ana bakora.

"Wanasalimiwa kwa zamu," injini inaniambia. "Na kiziwi anasemeshwa kwa sauti ya juu. Sauti niachie mimi."

Nakanyaga klachi hadi mwisho, naingiza nne. Mguu wangu wa kulia, kwa mazoea ya lori, unapiga resi. Injini nayo inapiga. Nne anamwaga chai.

"Mzee!" injini inanifokea. "Wapishi wawili, chumvi mara mbili!"

Imeniuma. Lakini mteremko hausubiri mtu anune. Nauambia mguu wa kulia ulale. Unalala, unakoroma. Nakanyaga klachi, naingiza tatu. Mshale wa resi unapanda wenyewe, naachia klachi polepole.

"Shikamoo!" injini inapaza sauti.

"Marahaba," anajibu Tatu, na gari linapungua bila kushtuka hata kidogo. Chai yake haijatikisika. Nikajiona dereva.

Kona ya mwisho nataka kumkimbilia Moja, nimalize. Anainua bakora.

"Kwa mwendo huo? Utanibomolea nyumba!"

Namsalimia Mbili kwanza. Marahaba yake ndefu, inatushusha taratibu mpaka chini. Moja nampa shikamoo yake gari likitambaa. Anaweka bakora chini, anasimama kunipa mkono.

Nikaamshwa na kelele za Atupele uani.

"Baba! Nani kaendesha gari? Boneti inaunguza!"

Nikatoka na msuli wangu kiunoni. Nikashika gurudumu la mbele, ndani kwenye chuma cha breki, nikazunguka nikashika na la pili.

"Breki baridi," nikamwambia, nikanyoosha mkono nipewe ufunguo.