Foleni ya Magunia Matupu

Nilimwambia Liban. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana siku hizi anazunguka Nairobi akisema hakuna aliyemtahadharisha.

Nilimwambia Jumapili jioni, mbele ya wachezaji wake wa ngoma wote sita: usipange magunia kwenye uwanja wa mgao. Hapa Dagahaley, kambini kwetu wakimbizi, siku ya kugawa chakula, watu hawasimami juani tangu alfajiri. Kila mmoja hulaza gunia lake tupu kwenye mstari, akaliwekea jiwe lisipeperuke, akaenda zake kivulini. Gunia ndilo mtu. Ukiyaona yamepangwa, unajua chakula kinakuja, nawe unakimbilia lako.

"Hiyo ndiyo picha ninayoitaka!" akasema Liban.

Na lawama nyingine ni yangu, maana mimi ndiye niliyemsimulia desturi hiyo. Liban ni Msomali wa Islii, mzaliwa wa Nairobi, Kisomali chake ni cha kuombea chai tu. Ana kundi la ngoma ya kisasa linalocheza popote isipokuwa jukwaani. Garissa walicheza katikati ya soko la mifugo, na mchuuzi mmoja wa mbuzi akauliza kwa huruma kama wale wanaojibwaga chini wana kifafa. Mimi aliniajiri niwe mkalimani, kisha akaona ninavyotembea, akanitia kwenye mchezo. Nilifurahi, sikatai. Nimekulia kambini na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba natembea vizuri.

"Basi tutangaze kwa kipaza sauti kwamba ni mchezo," nikasema.

"Tukitangaza hautakuwa na ukweli ndani yake. Tulia, Nasteho. Ofisi ya kambi imetupa ruhusa."

Ruhusa! Kana kwamba njaa inasoma barua za ofisi.

Jumatatu saa moja asubuhi tukapanga magunia arobaini. Saa mbili nilikuwa wa tatu kwenye mstari, nainua mguu polepole kama nilivyofunzwa, kamera mbili zikituzunguka. Haukupita muda nikageuza shingo, maana kugeuza shingo ilikuwa sehemu ya mchezo, nikaona magunia arobaini yamekuwa zaidi ya mia.

Watu walikuja mbio. Wazee, wajawazito, mwanamume mmoja ana povu la sabuni kidevuni. Mwezi uliotangulia mgao ulikuwa umepunguzwa nusu, na mtu aliyepunguziwa nusu hana muda wa kuuliza maswali. Anaona foleni, anaingia.

"Liban, simamisha!"

"Usikatize! Wameingia wenyewe, unaona? Hii ndiyo sanaa ya jamii, msee!"

Alikuwa analia kwa furaha. Wallahi, machozi yalimtoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu hata kutojua hakumtosha, alitaka kupiga picha na njaa yetu. Nilimchukia pale pale, na bado nikaendelea kucheza. Dakika tano, labda kumi. Hilo pia nalisema.

Kisha nikamwona Ebla. Ni mdogo wake mama, habaryar wangu. Alikuwa anakuja mbio kutoka kliniki, iliyo ng'ambo ya uwanja, mtoto mgongoni, gunia la kuazima mkononi. Rukiyo, bintiye wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anaharisha kwa siku ya tatu. Ebla alifika kwenye lango la kliniki alfajiri akapewa namba kumi na mbili. Daktari ni mmoja, na namba yako ikiitwa hupo, ndiyo imekwenda.

Nikaliacha gunia langu. Nikamnyang'anya mtu wa mitambo kipaza sauti, nikasema kwa Kisomali: hakuna mgao leo. Ni mchezo. Rudini nyumbani.

Mzee Kulow, jirani yetu, akamwendea Liban na kumsemesha kwa Kiswahili, maana Kisomali alishaona hakifiki.

"Kijana, lori iko wabi?"

"Hakuna lori, mzee. Ni ngoma."

"Ngoma? Sasa hii watu yote nasimama kwa jua ya nini?"

Mzee akatema mate mchangani. Jiwe la kwanza likaipiga kamera, na hayo mengine sikuyaona, nilikuwa nakimbia na Ebla kurudi kliniki.

Walikuwa wameshafika namba ishirini. Mlinzi akatuambia turudi kesho. Rukiyo alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, hata kulia ameacha.

"Kesho umtibu nani?" nikamuuliza. Akaita namba ishirini na moja.

Nikarudi kwenye gari la kundi. Liban alikuwa ndani tayari, kajikunyata katikati ya spika zake.

"Tunampeleka mtoto hospitali," nikasema.

"Nasteho, gari limejaa vifaa. Na jioni tuna onyesho jingine Garissa..."

Sikumngoja amalize. Niliivuta spika ya kwanza ikaanguka mchangani kwa kishindo. Ya pili aliishusha Billow, dereva. Liban akaanza kupiga kelele kuhusu mitambo ya watu. Nikamwambia ashuke naye, kwa maneno ambayo mama hajui kama nayajua, na akashuka.

Hospitalini Rukiyo alitundikiwa maji siku mbili. Alipona, alhamdulillahi. Siku zote hizo Ebla hakunisemesha. Nilileta chai, akainywa. Nilileta kanga safi, akaipokea. Siku ya pili jioni nikashindwa kuvumilia.

"Nisamehe, habaryar. Huyu Liban..."

"Usinitajie Liban," akasema. "Wageni wako walipoanza kupanga magunia niliwaona. Wenzangu wakatoka mbio langoni, mimi nikakaa. Nikasema, hawa hawatujui, wana mambo yao."

Akamfunika mtoto miguu vizuri.

"Halafu nikakuona wewe umesimama kwenye foleni."