Bonge Lililoyeyuka

Mke wa Mzee Pamba hakuyaamini sana macho. Macho, alikuwa akisema, ni shahidi anayenunulika, kiganja hakihongeki. Katika karakana yao ya magodoro, chumba kirefu chenye meza ya mbao iliyotosha kulaza ukoo mzima, kushindilia pamba na kushona ilikuwa kazi ya mumewe, na kukagua ilikuwa kazi yake. Godoro likiisha kushonwa, alilipitishia kiganja taratibu kutoka kichwani hadi miguuni, amefumba macho. Akikuta bonge, anasimama. "Hapa," anasema, na mumewe anachukua fimbo na kupapiga mpaka pamba itawanyike. Kisha kiganja kinapita tena. Kisipokuta kitu, godoro limepona, linafungwa kamba na kwenda kwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo mtaani walimwita Bi Kiganja, naye jina hilo hakulikataa.

Ni kiganja hicho hicho kilichosimama asubuhi moja alipokuwa akioga, upande wa nje wa titi la kushoto. Akakirudisha nyuma, akapitisha tena. Kikasimama palepale.

Hospitalini walimchoma sindano wakachukua kipande, na baada ya kungoja sana majibu yakaja. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyechoka, mwenye kalamu mbili mfukoni na zote hazikuandika vizuri. Chumba chake kilikuwa na pazia lililokosa vishikizo, na nyuma ya pazia mgonjwa mwingine alikuwa akivaa nguo. Simu ya mezani ilikuwa ikilia.

"Mama, ni saratani," alisema. "Lakini tumeiwahi. Tutaanza na dripu, uvimbe upungue, kisha tutaendelea. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alijibu Bi Kiganja, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mguu wa mgonjwa anayefuata ulikuwa umeshaingia ndani.

Alipofika kwenye korido ndipo swali lilipomjia. Kuendelea na nini? Akageuka kuutazama mlango. Ulikuwa umefungwa, na mbele yake walikuwa wamekaa watu wengi, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mwizi wa zamu.

Swali lile akaenda nalo chumba cha dripu. Humo wagonjwa walikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na chupa yake juu ya kichwa. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama, alikuwa akimtafuta mshipa.

"Mwanangu, hizi dawa kazi yake nini hasa?"

"Kukutibu."

"Na zikiisha?"

"Daktari hakukueleza?"

"Alinieleza kidogo."

"Basi fuata alivyokueleza. Mama, wewe una maswali kama mwandishi wa habari. Tulia nikupate mshipa, usije ukanitangaza redioni."

Wenye viti wakacheka, hata aliyekuwa akitapika kwenye ndoo. Bi Kiganja naye akacheka. Ila tangu siku hiyo maswali yake akayameza. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na hakuna mtu mzima anayependa kuchekwa akiwa amefungwa mpira mkononi.

Dripu zilimpiga. Kucha ziligeuka nyeusi, ulimi ukawa kama umepakwa majivu, na nywele zikamtoka kwa mafungu. Wifi yake, dada mdogo wa Mzee Pamba, alikuja na wembe kummalizia zilizobaki, na hakuja kimya.

"Haya, sasa umefanana na kaka yangu," alisema alipomaliza, akimfuta kichwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. "Vipara viwili, kitanda kimoja. Mtajuaje nani ni nani?"

"Mwenye kukoroma ni kaka yako."

"Na mwenye ulimi mrefu ni wewe. Basi hamtapotezana."

Wifi alipoondoka alilia barabarani. Majirani walimwona, na hakuna aliyemwambia Bi Kiganja.

Lakini bonge lilikuwa likipungua, na hili ndilo lililowaweka hai mle ndani. Kila asubuhi Mzee Pamba aliuliza kabla hata ya kumsalimu: "Bonge vipi?"

"Kama limao."

Baadaye likawa kama njugu. Baadaye kama punje ya mahindi. Kisha ikaja siku kiganja kikapita, kikarudi, kikapita tena, kikashuka hadi mbavuni na kupanda hadi kwapani, kisikute kitu. Akamwita mumewe.

"Pima wewe."

"Mimi mkono wangu wa fimbo. Utajua nini?"

"Nimesema pima."

Akapima. Aliupima mwili ule aliokuwa ameuzoea miaka yote kama mtu anayetafuta shilingi gizani na kuomba asiione. Mwisho akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mke wangu," alisema, "godoro limepona."

Dripu ya mwisho ilipoisha, muuguzi wa miguu iliyovimba alimchomoa sindano na kumbandika pamba. "Zako zimeisha, mama. Hongera. Sasa urudi kwa daktari akuone."

Bi Kiganja alirudi kwa daktari. Karani wa dirishani akamwambia daktari amesafiri kwenda mafunzo, aje wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikuja, akakuta foleni imeshuka ngazi mpaka nje. Akakaa juani na kichwa chake kisicho na nywele mpaka mchana ukageuka, kisha foleni ikakatwa na wao wa nyuma wakaambiwa warudi kesho. Alifika nyumbani miguu ikimtetemeka. Mzee Pamba alimvua viatu.

"Hivi huyo daktari anataka kukuona nini?" aliuliza. "Dripu zimeisha, bonge hakuna. Mtu akipona harudi kuwaonyesha kwamba amepona. Anawaachia nafasi wagonjwa."

"Alisema tutaendelea."

"Kuendelea na nini?"

Bi Kiganja hakujua. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama yeye, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Akaingiza mkono ndani ya gauni, akapitisha kiganja polepole, kwa uangalifu wote wa kazi yake. Hapakuwa na kitu. Na kiganja hakikuwa kimewahi kumdanganya.

"Kesho pumzika," alisema Mzee Pamba. "Ukijisikia vibaya tutakwenda."

Hakujisikia vibaya. Nywele ziliota, laini kama za mtoto mchanga na zenye mawimbi ambayo hakuwa nayo zamani, na wifi akasema sasa kaka yake ameoa mke mpya bila kutoa mahari. Bi Kiganja alinenepa na kurudi mezani. Wateja walioambiwa kwamba ni mgonjwa walikuja kumwangalia na kuondoka na magodoro. Katika msimu ule nyumba yao ilikuwa na kicheko kingi, na mtu asingeweza kuwalaumu.

Mgongo ulipoanza kuuma alisema ni kuinama. Mzee Pamba alimkanda kwa mafuta, akainua meza kwa matofali ili asiiname sana. Meza ikawa juu na mgongo ukaendelea kuuma. Kisha asubuhi moja, akijipaka sabuni kwapani, kiganja kikasimama. Alikishusha kwenye titi. Kikasimama tena, mahali pale pale pa zamani.

Daktari alikuwa yule yule. Alifungua faili lake, akafunua kurasa mbele, akazirudisha nyuma, akazifunua tena.

"Ulipasuliwa hospitali gani, mama?"

"Sijapasuliwa."

"Baada ya dripu. Kuondoa titi."

"Hakuna aliyeniambia habari ya kupasuliwa."

Muuguzi wa dripu alikuwa amesimama mlangoni na trei. Daktari akamtazama. "Si ninyi ndio mnaowaeleza ratiba?"

"Mimi nilijua daktari umeshamweleza," alisema muuguzi.

Hawakugombana. Walisema kwa sauti ya chini, kama watu wawili waliokuta chungu kimeungua na kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake jiko. Mzee Pamba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido karibu na mlango ule, na mlango ulikuwa wazi.

Walimpiga picha za mgongo na za tumbo. Aliporudi kusikiliza majibu, daktari aliinuka akafunga mlango mwenyewe. Akavuta kiti akakileta upande wa Bi Kiganja. Akazima simu. Kisha akaeleza.

Alieleza vizuri ajabu. Kwamba dripu hulipunguza bonge lile ambalo mkono unaligusa, lakini nyuzi zake ambazo hakuna mkono duniani unaoweza kuzigusa hubaki. Ndiyo maana kisu hufuata, na mionzi baada ya kisu. Kwamba kuyeyuka kwa bonge ilikuwa habari njema kweli, kwa kuwa ndiyo ingemrahisishia mpasuaji. Akachora titi na kwapa kwenye karatasi, na vijia vidogo kati yake. Akachora uti wa mgongo, akaweka nukta mahali ugonjwa ulipofika, akaweka nyingine penye ini. Bi Kiganja aliyafuata yote bila kupotea hata mara moja. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Mtu angeweza kuyasema huku akingoja chai ipoe.

"Kama ningerudi wakati ule?" aliuliza.

Daktari aliiweka kalamu chini. "Siwezi kuapa, mama. Lakini nafasi ya kupona ilikuwa kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa sana."

"Na sasa?"

"Sasa tutapunguza maumivu. Hilo tunaweza."

"Na la kupona?"

"La kupona halipo, mama."

Nje mtu alikuwa akiburuta kitanda cha magurudumu, gurudumu moja likilia. Daktari alingoja kitanda kipite.

"Una swali lingine lolote?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote katika jengo lile kumuuliza hivyo. Bi Kiganja alitafuta ndani yake maswali yote aliyokuwa ameyameza, akayakuta yapo, yote, hata lile la kucha nyeusi. Hakuna hata moja lililokuwa na kazi tena.

"Mume wangu yuko nje," alisema. "Ukimwita ndani, utamweleza hivi hivi?"

"Ukitaka nitamweleza. Ni haki yako kuchagua."

"Usimwite."

Mzee Pamba alikuwa kwenye benchi na mkoba wa mkewe mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Alisimama kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Wamesemaje?"

"Wamenipa dawa ya mgongo. Kali. Nitalala."

"Na ile habari ya kupasuliwa?" aliuliza Mzee Pamba. "Siku ile niliwasikia. Ilikuwa upasuliwe mara ile dripu zilipoisha, si ndiyo?"

Bi Kiganja alikuwa akifunga kitambaa chake upya.

"Ni mimi niliyesema usirudi," alisema Mzee Pamba. "Wewe ulitaka kurudi. Nikakuvua viatu nikasema pumzika. Niambie tu, mke wangu. Tungerudi, ungepona?"

Sasa alijua kila kitu. Alikijua kwa mpangilio, na mchoro juu yake, na angeweza kumweleza mtu yeyote kwenye benchi lile asielewe vibaya. Aliitazama mikono ya mumewe juu ya mkoba, vidole vilivyopinda kwa kushika sindano ya magodoro, kidole gumba kikisugua zipu huku na huku.

"Daktari kasema ingekuwa vilevile," alisema.

"Kasema hivyo?"

"Tungerudi, tusingerudi."

Mzee Pamba alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakaanguka. Alikaa kidogo, akainuka tena. "Basi ni kazi ya Mungu."

"Ni kazi ya Mungu."

Wakashuka ngazi, yeye akimshika mkewe kiwiko. Kwenye ngazi ya mwisho alikuwa ameshaanza kumsimulia habari za jamaa mmoja aliyekaa naye benchini, aliyelala na kuanguka na kuamka akiulaumu ukuta. Bi Kiganja alicheka mahali pa kuchekea. Nje ya lango mzee akauliza, bila wasiwasi, kama mtu anayetaka kupata la kuongea njiani:

"Lakini mlikaa muda mrefu na mlango umefungwa. Alikuwa akikueleza nini?"

"Hakuna," alisema Bi Kiganja. "Unawajua hawa. Hawaelezi kitu."