Sauti Safi ya Tarumo

Saa nne kasorobo, Jumatatu ya pili ya Machi mwaka wa 2014, Elphas Riungu alikuwa ameketi kwa hoteli iliyo nyuma ya soko la Nkubu, anakunywa chai na kumaliza andazi la pili. Pikipiki yake ilikuwa nje, na nyuma yake alikuwa amefunga kwa mipira ule mtungi wa baridi unaobeba mbegu za fahali. Kazi yake ilikuwa kuwapa ng'ombe mimba bila fahali kuweko, na kwa hiyo eneo lote lilimwita Daktari. Alikuwa na cheti tu, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kuuliza.

Mbele yake alikuwa Runji, seremala wa vitanda na majeneza. Walikuwa wanabishana juu ya simu. Elphas alikuwa mtu wa Tarumo. Hiyo yake ilikuwa ya tano, na alikuwa na kofia ya Tarumo, mwavuli wa Tarumo na kalenda ya Tarumo ya mwaka uliopita ambayo hakutaka kuitoa ukutani. Runji alikuwa mtu wa Beksi. Hakuna kati yao aliyewahi kuona mwenye kampuni ya Tarumo au ya Beksi, na hao wenyewe hawakujua kama kuna mahali panaitwa Nkubu.

"Daktari," Runji akasema, "hiyo yako ikianguka kwa choo ya shimo, utaita padri. Yangu itaendelea kulia huko chini mpaka niifikie."

"Huko chini ndio kwao," Elphas akasema.

Hoteli ikacheka. Elphas akaona wamecheka vizuri, akaongeza. Akasimama, akavua ile kofia, akaapa mbele ya watu kama ishirini: "Siku mtanipata na Beksi yangu, hata ya kupewa bure, mnifunge kamba puani mnitembeze hapa soko."

Runji akafungua mdomo kumjibu. Elphas akaona mdomo ukienda, ukarudi, ukaenda tena, lakini sauti haikuja. Lazima lilikuwa jibu zuri, kwa sababu watu walipiga meza.

Kufikia saa saba alikuwa ameelewa. Wenye Tarumo aliwasikia. Watoto wasio na simu aliwasikia. Kuku, mvua, pikipiki na kengele ya shule alisikia. Mtu akiwa na simu ya Beksi, hakumsikia hata neno, na kuiweka chini haikusaidia, bora simu ni yake. Nkubu haikusumbuka sana. Mama wa hoteli, ambaye alikuwa na Beksi, alianza kumwonyesha bei kwa vidole.

Kazi haikuharibika vile mtu angefikiri. Mkulima mwenye Beksi akipiga simu, Elphas alisikia kimya cha mkulima, na nyuma ya hicho kimya akasikia ng'ombe. Ng'ombe hawana simu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewasikiliza, na kwa mlio peke yake alijua huyu amepata joto la kutaka fahali asubuhi, huyu ni wa mzee Thuranira, na huyu ana njaa tu, mwenyewe amekosea. Alikuwa anasema "Nakuja" na anafika boma sawasawa.

Alienda hospitali kuangaliwa masikio. Daktari wa watu akamulika huku na huku, akapata masikio ni mazuri. Akaelekeza kidole kwa mfuko wenye simu, Elphas akaitoa. Daktari akatikisa kichwa, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na Beksi, akamwandikia karatasi: *Anunue Beksi moja. Hata ya mkono wa pili. Atasikia siku hiyo hiyo.* Akapiga muhuri. Elphas aliikunja hiyo karatasi mara nne akaiweka kwa mfuko wa shati, akaenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na Kagure, bibi yake, na Kagure alikuwa na Beksi. Kwa siku kumi na moja aliongea na bwana yake kwa kugonga sufuria: mara moja chakula, mara mbili mgeni. Siku ya kumi na mbili alimpelekea dada yake huko Manyatta ile Beksi, akarudi na Tarumo.

"Nimechoka kupiga sufuria, Baba Gacheri," akasema, na Elphas akamsikia vizuri. Alienda hotelini akahesabu hiyo kama ushindi.

Lakini mama yake aliishi Kiirua, na simu ya mama ilikuwa Beksi. Ndugu yake mdogo, Mutugi, ndiye aliyemnunulia mama baada ya kuuza viazi, na akajinunulia yake kama hiyo. Elphas alikuwa amechukua hayo kama matusi. Mama alipiga kila Jumapili akitoka kanisa. Elphas alisikia upepo wa Kiirua, alisikia kuku, alisikia yule ng'ombe mwekundu wa mama akila majani. "Sisi tuko sawa, mama," alikuwa anasema, halafu anangoja muda ambao mama angeongea, halafu, "Haya, mama." Mara moja alimwambia mambo yote yangeisha akinunua Tarumo. Hakujua mama alijibu nini. Ilikuwa jibu refu. Kuku watatu walipita.

Jumanne moja ya Mei, Mutugi alipiga. Elphas alikuwa anaosha gamubuti kwa boma la mtu. Aliweka simu sikioni, akasikia ule upepo, na ndani ya upepo akasikia ng'ombe mwekundu. Hakuwa na joto na hakuwa na njaa. Alikuwa analia kwa sababu amekamuliwa na mkono asioujua. Miaka tisa huyo ng'ombe hakukamuliwa na mtu mwingine ila mama.

"Ako kitandani?" Elphas akauliza. Kimya. "Nakuja."

Kutoka Nkubu mpaka Meru mjini alienda mbio. Meru akasimama. Hapo ndipo mambo yalipo, na Elphas mwenyewe akiyafikiria huangalia viatu. Alikuwa na ile karatasi ya daktari kwa mfuko. Duka la Beksi na duka la Tarumo yalikuwa yanapakana, ukuta mmoja. Beksi ya bei ya chini ilikuwa pale dirishani. Angeingia mlango wa kushoto, angetoka dakika tano, na hakuna mtu wa Nkubu alikuwa hapo kumwona. Aliangalia huku, akaangalia kule, kama mtu anayetaka kujisaidia kando ya barabara. Halafu akaingia mlango wa kulia, akamnunulia mama Tarumo mpya. Alitumia saa moja. Alichagua rangi. Aliwekewa kioo cha kulinda kioo.

Alipofika Kiirua mama alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Mutugi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa, kwa sababu mama alikuwa ameitisha maziwa, na nyumba hiyo ilijua maana yake. Mtoto wa kwanza hubarikiwa na mzazi mara moja. Mzazi husema yale maneno, hukunywa maziwa kidogo, humtemea mtoto kifuani, basi. Mzazi harudii maneno hayo, na hayaandikwi.

Mama akamshika mkono. Mdomo wake ukaanza kwenda.

"Ngoja, mama," Elphas akasema. "Ngoja kidogo tu."

Akatoa sanduku. Akatoa karatasi ya plastiki, akaikunja. Akafungua simu ya mama, akatoa laini, akaiweka kwa ile mpya, akaiweka mikononi mwa mama. Simu ikawaka. Ikauliza lugha. Elphas akachagua lugha. Ikauliza nchi. Ikasema iko na mambo mapya inataka kupakua kwanza, isizimwe. Asilimia nne.

Mama alingoja. Alimwangalia vile alikuwa anamwangalia zamani, wakati Elphas alikuwa wa darasa la kwanza na kengele imelia na bado anahangaika na kamba za viatu. Asilimia ishirini. Mutugi alisema kitu, na Elphas hakusikia. Ng'ombe alilia nje. Asilimia thelathini na tisa. Neti ya Kiirua haina haraka.

Kwa asilimia sitini na mbili mama aliacha kungoja. Aliweka mkono kichwani mwa Elphas akasema yote. Yalikuwa mengi. Mahali fulani alicheka, na mahali fulani alionyesha dirisha, upande wa shamba, halafu akamwonyesha Mutugi, halafu Elphas. Mutugi alikuwa analia. Elphas aliangalia mdomo wa mama kama mtu anayesoma kibao akiwa ndani ya gari linalokimbia. Mama akachukua kikombe, akanywa kidogo, akamtemea kifuani. Hayo aliyapata. Yalikuwa na joto.

Baadaye kidogo simu ikaimba wimbo wake mfupi, ikaandika *Karibu Tarumo*, na mama akawa mtu wa Tarumo.

"Mama," Elphas akasema, "umesema nini?"

"Nimeshasema," mama akasema.

Sauti ilikuwa safi sana, bila mkwaruzo wowote. Aliishi mpaka Alhamisi na hakuongea tena. Alikuwa amemaliza.

Kwa maziko Runji alileta jeneza mwenyewe kutoka Nkubu na hakufanya mzaha wowote, ama kama alifanya, Elphas hakumsikia. Mutugi alipewa nafasi ya kuongea kando ya kaburi. Aliongea muda mrefu. Watu walilia, wakacheka mahali pale pale mama alipocheka, halafu mmoja mmoja wakageuka kumwangalia Elphas, si kwa ubaya. Hiyo ndiyo ilimuuma.

Njiani kurudi alimuuliza Kagure, "Mutugi alisema nini?"

"Ni maneno ya mama yako," Kagure akasema. "Si yangu ya kubeba. Dawa yako iko kwa mfuko, imepigwa muhuri. Meza, halafu uende umuulize ndugu yako."

Mwezi uliofuata Mutugi alikuja Nkubu. Alikuwa na ile Beksi ya mama, amefunga kwa kitambaa cha mama cha kanisa. Akaiweka kwa mkono wa Elphas. Mdomo wake ulisema neno fupi, pengine "yako". Elphas akahisi, hapo kwa kiganja, sikio linaanza kufunguka: akasikia pumzi ya ndugu yake ikiingia, kabla ya sauti. Wakati huo huo akaona, kupitia mlango, kofia ya Runji ikipita barabarani.

Akafungua vidole. "Mpatie mtoto wako mmoja," akasema. Mutugi akaifunga tena kwa kitambaa, akanywa chai, akaenda.

Yale maziwa aliyotemewa kifuani hayajakauka. Elphas hubadilisha shati, na kufikia saa mbili shati jipya limelowa mahali pale pale, mduara kama kisahani cha chai. Kagure hufua bila kuuliza. Siku hizi Elphas huvaa sweta, hata Januari, hata jua likiwa la kuanika mahindi, na watu wa Nkubu wameshazoea sweta ya Daktari.

Wiki iliyopita mwalimu mgeni aliingia hotelini. Hakuwa na simu, ya kwake iliibiwa, na alitaka kununua nyingine. Akauliza mezani ni gani nzuri. Runji akafungua mdomo, akaongea, akamaliza. Watu wakangoja Daktari amjibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

"Nunua Tarumo," Elphas akasema, na akavuta sweta mbele ikae vizuri. "Sauti yake ni safi."