Kitambaa cha Meza ya Bwana

Miaka kumi na tisa nimekipiga pasi na kukitandika kitambaa cha Meza ya Bwana, hata waumini wakanipachika jina la Mama Pasi. Jumamosi ile mchungaji akaniambia kesho atakitandika mdogo wangu. Huyu huyu! Ana wiki sita tu tangu aache kazi ya baa, na Jumapili yake ya kwanza aliingia kanisani na fulana ya kazini, jina la bia kifuani.

"Neema ni ya wote, Mama Pasi."

"Na heshima ya Meza je, Mchungaji?"

"Ndiyo maana nataka umfundishe wewe."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona. Roho iliniuma vibaya. Niliomba avuruge kazi mbele ya watu. Mungu anisamehe, niliomba kwa kupiga magoti kabisa.

Asubuhi tulikuwa wawili tu katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Alikuwa amevaa gauni langu la zamani, na lilimpendeza kuliko lilivyowahi kunipendeza mimi. Hilo nalo likaniuma.

"Tazama, ujifunze."

Nikachomeka pasi, nikangoja, kisha kama kawaida yangu nikalamba kidole, nikaigusa. Mate yakalia chwaa!

"Imepata moto. Haya, shika."

Hakushika. Alikuwa anakitazama kidole changu.

"Dada, si ndicho kitambaa kinachowekewa mkate wa Bwana?"

"Ndicho. Kwani vipi?"

"Basi ngoja nilete maji."

Heri angekuwa ananidhihaki. Alirudi na kikombe cha maji, amenawa mpaka viwikoni, mikono inamtetemeka. Akachovya kidole, akaigusa pasi, akaanza kazi, kila mkunjo akiniuliza kama uko sawa. Mikono yangu nayo ilitetemeka hivyo mwaka wa kwanza. Sikumbuki iliacha lini.

Ibadani pembe moja ya kitambaa ilining'inia kuliko nyingine. Ndiyo kasoro niliyoiombea. Aliiona, akanitafuta kwa macho, machozi yanamlenga. Nikamwashiria: acha hivyo hivyo, dada yako ameridhika.

Nilisema uongo. Wivu ulikuwa palepale. Ila kazi sikuitaka tena. Niliionea wivu ile mikono.