Uso Ambao Mkono Haukuujua

Fundi mabango alikuwa amechora wanawake kwenye kuta za saluni zote za mtaa, na wote walikuwa mtu mmoja: macho ya kurembua, pua nyembamba, shingo ndefu. Mkono ulishakariri. Wateja hawakulalamika, naye akajiona bingwa.

Asubuhi ile wodini, ubingwa ulimtokea puani. Mkewe alikuwa anasubiri kupelekwa chumba cha upasuaji. Daktari alishasema ataondoa uvimbe pamoja na nusu ya taya, na uso hautarudi ulivyokuwa. Mkewe aliomba kitu kimoja tu: "Umechora wanawake wa mtaa mzima. Nichore na mimi, kabla hawajanikata."

Akachora. Akatoka yule wa saluni. Akageuza karatasi, akachora tena. Yule yule.

"Mke mwenzangu huyu ananifuata mpaka hospitali," mkewe akasema, akicheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unaweza.

Fundi alitamani kuvunja kalamu. Amekula na mwanamke huyu, amezaa naye, amegombana naye, na mkono haumjui. Muda nao ulikuwa unakwisha.

Mkewe akavuta shuka, akaufunika mkono wa mumewe pamoja na karatasi. "Karatasi achana nayo. Niangalie mimi. Anzia sikioni, zunguka, usinyanyue kalamu mpaka urudi ulipoanzia."

Kalamu ikatambaa chini ya shuka, polepole, kwa mwendo wa jicho. Paji la uso. Kovu juu ya nyusi, la mlango wa kabati, alilokuwa amelisahau kabisa. Pua, ambayo kumbe ilikuwa pana, tena nzuri. Midomo. Alipofika kwenye taya akakwepa, kama alivyokuwa akikwepa miezi yote.

"Macho yako yameruka," mkewe akasema. "Rudi."

"Siwezi, mke wangu."

"Hapo pia ni mimi. Pita."

Akapiga moyo konde, akapita. Aliuangalia uvimbe wote, ngozi ilivyovutika mpaka ikang'aa, mshipa uliopinda juu yake. Machozi yakamtoka na kalamu ikaendelea. Aliogopa kwamba hatauona tena uso huu, wala mwingine wowote wa mwanamke huyu.

Alikuwa anakaribia sikio, muuguzi akaingia na machela. "Baba, muda umefika."

"Bado kidogo tu, dada. Namalizia."

"Daktari anasubiri."

Muuguzi na mwenzake wakamhamishia mgonjwa kwenye machela. Mkewe akaubonyeza mkono wa mumewe juu ya shuka. "Usinyanyue," akamwambia, wakaisukuma machela nje.

Fundi hakufunua shuka. Alibaki ameinama, anautazama mto uliobonyea, kalamu ikiwa palepale mstari ulipokatikia. Chini ya kidole chake karatasi ilikuwa imelowa wino.

Mchana mhudumu akaja na mashuka safi, akamwomba apishe, kitanda kinahitajika.

"Siwezi kunyanyua mkono," akasema. "Hajarudi."