Pointi Tatu za Pakanga

Wachezaji wakikasirika, hutuma lori. Linakuja Pangyo, mtaa wa kampuni za michezo ya kompyuta, likiwa na kioo kikubwa cha taa ubavuni, kimejaa lawama za adabu, na linazunguka ofisi tangu asubuhi mpaka watu watoke kazini. Wakifurahi, hutuma gari la kahawa, na wafanyakazi wote hunywa bure. Maeng Seok-ju, katika miaka yake tisa ya kupanga zawadi za mchezo wa Milima Saba, alikuwa ameshatumiwa malori matatu. Gari la kahawa halikuwahi kuja kwa ajili yake. Jumatano lilipokuja na kuegeshwa mlangoni, alitamani lingekuwa lori.

Katika Milima Saba mtu hupanda daraja kwa njia tatu: kupigana na majoka pamoja na wenzake, kufanya vibarua vya kila siku, au kuchuma mitishamba porini peke yake. Seok-ju ndiye anayeamua kila njia ilipe pointi ngapi, ili asiwepo mtu wa kupanda kwa mteremko wala wa kusota bure. Sasa Alhamisi iliyopita, siku ambayo mchezo huzimwa kwa marekebisho, alikuwa anaongeza zawadi ya joka la theluji. Jedwali la zawadi lina mistari elfu nne, naye tumbo lilikuwa linamuuma kwa njaa. Pointi mia tisa za joka akazibandika kwenye mstari wa pakanga, jani ambalo siku zote lililipa pointi tatu.

Kosa aliliona Ijumaa asubuhi. Angesema, lingekwisha kwa saa moja. Lakini mwaka jana alikosea vivyo hivyo, na Mkuu Gil, bosi wake, akasimama mbele ya wachezaji mia mbili na kuinama kuomba radhi mpaka kisogo kikaonekana, kwa kosa lisilo lake. Seok-ju aliketi safu ya nyuma siku ile, akijifanya anaandika kitu. Basi safari hii akanyamaza. Gil alipomuuliza Jumatatu mbona pakanga inalipa hivyo, akajibu bila kupepesa macho kwamba ni jaribio la wiki moja, la kuwainua wachezaji wa polepole. Alhamisi angerudisha pointi tatu na kuwashusha wote waliopanda. Mpango mzuri kabisa, kwa mtu asiye na haya.

Na sasa hapo mlangoni kulikuwa na kitambaa kirefu juu ya gari: KWA ALIYEWAKUMBUKA WACHUMA PAKANGA, POLE KWA KAZI.

Aliyekuja na gari alikuwa Mama Tak Bun-rye, fundi cherehani wa Bucheon, mwenye umri wa miaka sitini na tatu. Gil, mwenye furaha kama baba wa bwana harusi, akamsukuma Seok-ju mbele na kusema huyu hapa ndiye. Mama Tak akampa kikombe kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili. Mama akamweleza kwamba vidole vyake vimekufa ganzi kwa sindano, kupigana na majoka hawezi, kwa hiyo huchuma. Miaka sita amekaa daraja la thelathini na nane. Binti yake, aliyeolewa mbali huko Busan, yuko la tisini, nyuma ya Lango la Barafu, ambako chini ya sitini huingii. Jumamosi aliingia kwa mara ya kwanza. Walikaa kwenye theluji, mama na binti, hawakufanya lolote.

Seok-ju aliona uso unamwaka. Akamwomba wasogee nyuma ya gari.

"Mama, lile lilikuwa kosa langu. Nilikosea mstari. Kesho naondoa, na nyote mtashuka."

Mama Tak alifuta mfuniko wa kikombe kwa kidole gumba.

"Tunajua, mwanangu. Tangu Ijumaa. Nani angetupa sisi mia tisa kwa kujua?"

"Sasa gari la nini?"

"Tulisema, akishakunywa kahawa yetu labda ataona haya kutushusha."

Seok-ju akamwambia mia tisa haziwezi kubaki. Watu sita wanapigana na joka jioni nzima, halafu walipwe sawa na mtu aliyechuma jani moja? Mama Tak akakubali. Hata wao walihisi kama wanaiba. Kisha akauliza, bila chuki yoyote, "Na zile tatu? Zile nazo ulikosea, au ulizipanga?"

Zile tatu Seok-ju alizipanga mwenyewe, miaka sita nyuma, kwa muda usiotosha kunywa maji, kwa sababu wachuma majani hawatumi malori.

Hakwenda kula mchana ule. Alijitengenezea mchumaji wa daraja la thelathini na nane kwenye kompyuta ya majaribio, akachuma pakanga kwa pointi tatu. Inama, chuma, inuka, tembea. Saa nzima ilipokwisha, mstari wa kupanda daraja haukuwa umesogea kwa kuonekana kwa jicho. Mwenzake alipopita, alifunika kioo kwa mkono, kama mtoto aliyekamatwa.

Akaenda kwa Gil akamwambia yote, na uongo wa Jumatatu pia. Gil alivua miwani, akasema basi atainama tena. Seok-ju akasema hapana, safari hii ni zamu yangu.

Tangazo la Alhamisi lilitoka kwa jina lake. Pakanga ingelipa arobaini, na waliokwisha kuvuka Lango la Barafu hawangeshushwa. Gil alitaka sentensi mbili za mwisho zifutwe, Seok-ju akamsihi ziachwe: "Mia tisa niliziweka kwa kukosea. Tatu niliziweka kwa kujua, na hizo ndizo ninazoziombea radhi."

Ijumaa asubuhi lori lilikuja, la wapiganaji wa majoka waliochukia wachumaji kuachwa juu, na jina la Seok-ju kwenye taa. Alishuka kutoka ofisini, akasimama ukingoni mwa barabara, na kila lilipopita aliinama mpaka likakata kona.