Lita Tano za Premiamu

Mzee Jonah wa Silibwet alimwamini Mungu, na baada ya Mungu aliiamini dairy meal, ule unga wa kuwalisha ng'ombe wa maziwa. Nyasi, alikuwa akisema, ni za kumzuia ng'ombe asife, lakini dairy meal ndiyo inayomfanya ng'ombe awe na maana duniani. Na ng'ombe wake hawakumwangusha. Walitoa maziwa mpaka watu wakawa wanapita kando ya zizi lake kwa adabu, kama wanaopita kanisani wakati wa maombi. Kwa hiyo tusimlaumu mno kwa yaliyofuata. Mtu akifaulu sana katika jambo moja, hulibeba na kulipeleka hata mahali ambapo halikuitwa.

Alinunua gari. Lilikuwa gari dogo la kijivu, lililotumiwa kwanza na Wajapani, kisha na mchuuzi wa kuku wa Bomet, na harufu ya kuku alipewa bure. Siku alipolipeleka kwenye stesheni ya petroli kwa mara ya kwanza, Mongina, mama aliyehudumu pale kwenye pampu, alimuuliza swali dogo tu.

"Mzee, tuweke gani? Ya kawaida ama premiamu?"

"Hiyo premiamu iko na nini?"

"Ni kali kuliko hii ingine."

"Kali aje?"

"Ni kali tu, mzee. Na bei pia ni kali." Mongina alikuwa na foleni nyuma, na hakuona haja ya hotuba.

Hapo ndipo mzee wetu alipopotea. Aliangalia pampu moja, akaangalia ya pili, na badala ya petroli akaona kitu anachokijua: huku nyasi, huku dairy meal. Akili yake ikatulia kabisa. Ikishatulia hivyo, hakuna mtu Bomet nzima angeweza kuitikisa.

Lakini mfugaji mzuri hambadilishii ng'ombe chakula ghafla, maana ataharisha. Kwa hiyo Jonah alianza kulizoesha gari lake polepole. Wiki ya kwanza aliagiza ya kawaida kwa wingi na premiamu ya kuonja tu. Wiki iliyofuata akaongeza. Kila asubuhi aliinama nyuma ya gari likiunguruma, akaukagua moshi jinsi mtu anavyokagua mavi ya ndama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Baba Weldon," mkewe Chepkemboi alimwambia siku moja, ndoo ya maziwa mkononi, "hiyo gari haina tumbo."

"Iko na tanki."

"Na hiyo tanki tutaikamua saa ngapi?"

Jonah alirudi kuukagua moshi wake. Wanawake, alijiambia, hawaelewi lishe. Alisahau kwamba aliyekuwa akiwalisha hao ng'ombe kila siku ni Chepkemboi.

Basi ikafika siku ya koito. Kijana wao Weldon alikuwa amempenda msichana mmoja wa upande wa Ndanai, Nelvine, na Nelvine naye alimpenda, na kilichobaki kilikuwa ni wazee wa pande zote mbili kuketi na kuzungumza juu ya posa. Ugumu ulikuwa kwa baba ya msichana, Kipkosgei. Mzee huyo alikuwa na boma zuri juu ya mlima, lango la chuma, na moyo wa chuma vilevile. Alikwisha kuurudisha ujumbe mmoja nyumbani kwa sababu msemaji wao alipiga chafya langoni. Na koito, kwa jinsi watu wa pande hizo walivyoishika, ilikuwa na sheria moja kubwa: ukishaanza safari hurudi nyuma. Msafara ukigeuka njiani, posa imekufa. Weldon alilijua hilo, na usiku kucha hakupata usingizi.

Asubuhi waliingia garini wakiwa wanne. Jonah alishika usukani, Chepkemboi akakaa kando yake, na nyuma wakaketi Weldon na jirani yao Omariba. Omariba alikuwa mtu wa asili ya Kisii, mkulima wa chai na rafiki wa miaka mingi, na alichaguliwa kuwa msemaji kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Walipofika kwenye pampu, Chepkemboi alisema, "Jaza ya kawaida, twende."

"Leo? Leo ndiyo siku ya kuweka ya kawaida?" Jonah alishangaa kwa dhati. "Mongina, weka premiamu. Lita tano."

"Mzee, si mnaenda Ndanai? Na kurudi?"

"Ni kali ama si kali?"

"Ni kali, lakini..."

"Dairy meal unampa ng'ombe gunia nzima? Unampa kidogo kwa kopo, kwa sababu iko na nguvu. Weka tano."

Mongina aliweka tano. Angefanya nini?

Barabara ilikuwa nzuri, mashamba ya chai yalikuwa yamenyeshewa yakang'aa, na Omariba alikuwa akizifanyia mazoezi methali zake kwa sauti, moja baada ya nyingine. Jonah aliendesha kifua mbele. Walipopita Sotik, Weldon aliinamia bega la baba yake.

"Baba, taa ya mafuta imewaka."

"Iache. Hiyo taa imezoea chakula ya kawaida, haijui kupima hii."

"Baba, nakuomba tu. Kuna petroli hapo mbele."

"Weldon, wewe ni bwana harusi. Kaa kama bwana harusi."

Wakapita petroli ya hapo mbele. Chepkemboi alifumba macho akaanza kusali kimyakimya, na hakuwa akiliombea gari.

Mlima wa kwa kina Nelvine ulianza mara tu walipoiacha lami. Gari lilipanda, likapanda tena kidogo, likakohoa, likazimika. Jonah alivuta handbreki akageuza ufunguo. Gari lilijibu kwa sauti ya mtu anayesafisha koo, basi. Juu kabisa, kwa mbali, waliliona lango la chuma na nguo za rangi za akina mama waliokuwa wakingoja kuwapokea kwa nyimbo.

Kabla hawajapatana la kufanya, trekta lililobeba magunia ya majani ya chai likatokea juu likipiga honi. Njia ilikuwa nyembamba. Ikabidi washuke, walisukume gari kando, na katika kulisukuma likageuka lote, pua ikaangalia bonde. Trekta likapita, dereva akiwapungia mkono kwa furaha. Jonah, kwa kukata tamaa tu, akajaribu ufunguo tena.

Gari likawaka!

"Nilisema!" Jonah alipiga kelele. "Imepumzika kidogo ikapata nguvu!"

"Baba, sio nguvu," Weldon alisema. "Mafuta ni kidogo sana, tukipanda inakimbilia nyuma ya tanki. Sahii imerudi mbele juu tumeinama."

"Vyovyote. Twendeni." Wakaingia mbio, na Jonah akaingiza gia ya kwanza.

"Usisonge mbele!" Chepkemboi alimshika mkono kwa nguvu zote. "Ukisonga mbele hata hatua moja tumerudi nyuma! Mbele ndiyo nyumbani!"

Kila mtu akalitafakari neno hilo. Ni kweli. Pua ya gari ilikuwa inaangalia Silibwet, na posa ya Weldon ilikuwa juu, nyuma ya migongo yao. Jonah alimtazama kijana wake kwenye kioo. Weldon alikuwa ameuma mdomo kama alivyofanya alipokuwa mdogo, akizuia machozi, na ndipo baba yake alipoogopa kwa mara ya kwanza siku ile. Kiburi chake kingemkosesha mtoto wake mke. Akatoa gia ya kwanza, akaingiza ya kurudi nyuma.

Ndivyo ujumbe wa koito kutoka Silibwet ulivyoupanda ule mlima, matako mbele. Gari lililia ule mngurumo mwembamba wa rivasi, Jonah shingo imepinda, Omariba akielekeza kwa kupiga kelele "Kulia! Kulia yangu, sio yako!" na mbwa wa kila boma wakilisindikiza. Juu kule akina mama walikuwa wameanza kuimba. Walipoona buti la gari linakuja, wimbo ulikatika katikati ya mstari.

Jonah alivuta handbreki langoni, na gari likatetemeka, likazimika kabisa. Safari hii hata koo halikusafisha.

Kipkosgei alitoka akiwa na fimbo na kofia yake ya koito. Alilizunguka gari lote, polepole.

"Mnakuja ama mnaenda?"

"Tunakuja, mzee wangu," Omariba akasema, akashuka na kunyoosha koti. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mbona sura zenu zinaangalia kwenu?"

Omariba alifungua mdomo. Methali zote alizokuwa nazo tangu Silibwet zilikuwa zimemtoroka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kuutumia.

Wazee wa boma wakaanza mjadala. Mmoja alisema kwamba wageni wamefika, na kufika ni kufika. Mwingine akasema la, mtu akikupa mgongo langoni kwako amekuaga. Kipkosgei alisikiliza akiwa amelikalia lango kama kuku wa mayai. Lango lenyewe lilikuwa na maana yake: mwenye boma akishakuingiza ndani kwa mikono yake, mazungumzo yameanza, na hawezi tena kukufukuza. Kwa hiyo hakuna mzee aliyejua kuchelewesha kulifungua kama yeye.

Jonah alishuka. Aliwaona Weldon aliyeinamisha kichwa na, kupitia vyuma vya lango, Nelvine aliyesimama mlangoni mwa jikoni ameshika mashavu, akasikia aibu imempanda mpaka masikioni. Akavua kofia.

"Kosa ni langu," alisema. "Petroli ya kawaida ilikuwako, mama ya huyu kijana akaniambia nijaze. Mimi nikaweka premiamu kidogo. Nilidhani ni kama dairy meal."

Halafu mama mmoja akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kikaenea mpaka kwa yule mzee wa mgongo langoni. Kipkosgei peke yake hakucheka.

"Mtu asiyejua kulisha gari," alisema, "atanichukulia binti akamlishe nini?"

Kicheko kikafa. Hapo Jonah alijua kwamba mambo yameharibika. Chepkemboi alitazama chini. Omariba alijishughulisha na kifungo cha koti. Weldon akamtazama Nelvine, na ungedhani anamuaga.

Wakati huo wote mama yake Kipkosgei, Kogo Sellah, bibi mkongwe wa miguu dhaifu na macho makali, alikuwa amesimama nje pamoja na akina mama, akiegemea ukuta wa lango. Sasa akasema, "Nimechoka kusimama. Niketi wapi? Kwa gari ya wageni pia siwezi kuketi?"

Hakuna anayemnyima Kogo kiti. Chepkemboi alimshika mkono, akamketisha mbele, pale alipokuwa ameketi yeye, kando ya usukani. Kipkosgei aliendelea. Alikwisha kufika mahali pa kusema "Basi nawaambieni, mwaka ujao, Mungu akipenda," ndipo kikasikika kitu kikisema *klak*, na gari likaanza kuondoka.

Lilianza kwa upole, pua chini, na Kogo ndani ameketi wima kabisa.

"Mama!" Kipkosgei alitupa fimbo. Mzee yule, ambaye watu walisema hajakimbia tangu Uhuru, alikimbia. Alilipita gari, akalizunguka, akalitolea kifua pale mbele, miguu ikilima matope, kofia ya koito ikibiringika kuelekea bondeni. "Shikeni! Mnaangalia nini? Shikeni!"

Wakashika. Jonah akashika, Weldon, Omariba, wazee wa mjadala, akina mama wa nyimbo. Gari lilisita, likasimama, likaanza kupanda.

"Nifike wapi?" Kogo aliuliza kupitia dirishani. "Msiniwache hapa langoni nikadondoka tena!"

"Sukumeni mpaka ndani!" Kipkosgei alinguruma, uso umemwiva. "Fungueni hilo lango! Ndani, ndani kabisa!"

Nelvine ndiye aliyelifungua, na hajawahi kufungua kitu kwa haraka vile. Walisukuma mpaka katikati ya ua, mpaka mbele ya mlango wa nyumba, ambapo ardhi ilikuwa sawa na gari halikuwa na pa kwenda. Kipkosgei alikuwa angali amelala kifudifudi juu ya boneti, akihema, viganja vyote viwili vimeganda pale.

Kogo alimtazama kupitia kioo.

"Kipkosgei. Hawa watu, nani amewaingiza?"

Kipkosgei aliangalia lango lililokuwa nyuma yake. Aliangalia wageni wanne ndani ya ua wake. Mwishowe aliiangalia mikono yake.

"Ni mimi," akasema.

Akina mama wakaanza wimbo upya, kwa nguvu mara mbili. Weldon alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake mpya. Jonah alikwenda kumsaidia Kogo kushuka, akiwa analia waziwazi wala haoni haya, na alipoinama akauona mkono wa bibi ungali umeikamata handbreki.

"Huyo mtoto wangu," Kogo alimwambia polepole, akimwegemea, "kufungua lango hajui. Lakini kusukuma anajua."